Cheti cha Marehemu

Sehemu ya Saba

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungia dagaa kabla hujalisoma, sogea nikuambie upesi.

Mbonimpa, kijana wa Nyakasimbi, aligombana na jirani yake Projest kwa sababu ya ng'ombe walioingia kwenye kahawa. Akampiga kwa mpini wa jembe, na Projest hakuamka tena. Hilo halina ubishi. Mahakama Kuu, ilipoketi Bukoba mwaka huo wa 1986, ilikwisha kumtia hatiani.

Lilibaki swali moja tu. Siku ile ya ugomvi alikuwa na miaka mingapi? Kama alikuwa ametimiza kumi na nane, ni kitanzi. Kama alikuwa bado, angefungwa, lakini angeishi.

Cheti cha ubatizo kilisema kumi na tisa. Na cheti hicho alikipeleka polisi baba yake mzazi, Theoneste, tena mbio mbio, kimefungwa kwenye kitambaa. Usimcheke. Watu waliovuka kutoka Rwanda na vifurushi kichwani wanajua karatasi ni nini. Ukiulizwa wewe ni nani, unatoa karatasi kwanza, maneno yanafuata. Polisi walimwuliza habari za mwanawe, naye akakitoa kama alivyozoea kukitoa kila alipoitwa mgeni. Baadaye akaapa mbele ya jaji kwamba cheti ni cha kijana huyo.

Tulimwacha amesimama kizimbani kwa mara ya pili. Wakili wa utetezi alimwonyesha kile kikaratasi kilichochakaa kwenye mikunjo, akamwuliza, "Mzee, cheti hiki ni cha mwanao huyu?"

Theoneste alikigusa kwa kidole kwenye mkunjo.

"Si chake," alisema.

"Ni cha nani?"

"Cha kaka yake. Huyu ni Mbonimpa. Celestin alikuwa mtoto wangu wa kwanza. Alikufa kwa surua mwaka wa sabini, ana miaka minne. Tulimzika nyumbani, kwenye migomba. Mbonimpa alikuwa hata hajaanza kutembea."

Watu waliinuka kwenye mabenchi ili wamwone vizuri. Kwenye benchi la mbele hakuinuka mtu. Hapo walikaa Kashaija na mkewe Kokuhirwa, wazazi wa Projest, ambao hawakukosa hata siku moja tangu kesi ianze.

Wakili wa serikali akasimama. Alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya upole, na sauti za upole mahakamani zina kucha.

"Mzee Theoneste, shikamoo."

"Marahaba."

"Mwezi uliopita uliapa hapa hapa kwamba cheti ni cha mshtakiwa."

"Niliapa."

"Leo umeapa tena kwamba si chake."

"Nimeapa."

"Biblia ni ile ile?"

Watu wakacheka. Theoneste hakucheka. "Biblia ni ile ile, bwana. Mwongo ndiye aliyechoka."

"Haya, mwongo atueleze. Alianza lini?"

"Mwaka wa sabini na nne. Shuleni."

Akaeleza. Siku ya kuandikisha darasa la kwanza alimpeleka Mbonimpa, mtoto wa miaka mitano. Ilikuwa mapema mno, alilijua hilo. Lakini barua zilikuwa zinakuja kutoka kwa ndugu zake, naye hajui kusoma, na kila mara ilimbidi ambembeleze jirani amsomee. Jirani huyo akasoma mpaka habari za kifo cha mama yake kwa sauti, watu wakiwa wanakunywa pombe ya rubisi. Siku hiyo Theoneste aliapa kwamba barua inayofuata itasomwa na mtoto wake mwenyewe, ndani ya nyumba yake, mlango umefungwa.

Mwalimu alikuwa na kipimo chake, kile cha watoto wote. "Pitisha mkono juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili." Mbonimpa akajinyoosha, akajikunja, ulimi umemtoka. Vidole vikaishia juu ya sikio.

"Bado huyu," mwalimu akasema. "Mlete mwaka kesho kutwa."

Ndipo Theoneste akaingiza mkono kwenye koti, akatoa cheti cha marehemu.

Mwalimu akasoma, akamtazama mtoto, akasoma tena. "Ana miaka minane huyu?"

"Ni mdogo wa umbo, mwalimu. Tulikula kwa shida."

Mwalimu akaamini karatasi. Mkono wa mtoto ulikuwa umesema kweli mbele ya macho yake, lakini mkono hauna muhuri. Mbonimpa akaandikwa Celestin, na tangu siku hiyo akawa na majina mawili, la shule na kanisa, na la nyumbani. Nani angeshangaa? Kila mtu Nyakasimbi ana majina mawili.

"Baba!"

Sauti ilitoka upande wa mshtakiwa. Askari magereza alimshika bega, lakini jaji akamwonyesha kwa mkono amwache.

Mbonimpa alikuwa amesimama, pingu zimetangulia mbele. "Celestin ni nani?"

"Kaka yako."

"Mimi sina kaka."

"Ulikuwa naye. Hukumjua. Habari zake hatukuzitaja tena nyumbani, na jina lake tukakupa wewe."

Kijana alifikiri. Ungetegemea aulize habari za kitanzi, maana shingo ilikuwa yake. Aliuliza jambo jingine kabisa.

"Kwa hiyo mimi sijabatizwa?"

Theoneste alishika ubao wa kizimba kwa mikono miwili.

"Nilikuwa mtumishi wa altare," Mbonimpa alisema. "Nimepokea komunyo. Askofu alinipaka mafuta. Yote hayo alipokea marehemu?"

"Wakati ule ulikuwa unaugua ugua, tukasema tungoje upate nguvu. Halafu ukaingia shule kwa cheti kile. Ningekupelekaje kwa padri ukabatizwe, na wewe karatasi inasema umekwisha batizwa?"

"Miaka yote hiyo, baba?"

"Kila Jumapili ulipotoa ulimi kupokea, mimi nilitazama chini. Nisamehe, mwanangu."

Akalia mbele ya watu, mzee mzima, bila kujifunika uso. Nami nasema bila haya kwamba nilipofika hapa kwenye daftari langu niliacha kuandika nikaenda kunywa maji.

Wakili wa serikali alingoja kilio kiishe. Alikuwa na adabu zake. Kisha akasema, "Mheshimiwa Jaji, baba gani asingelia ili mwanawe apunguziwe miaka mitatu? Machozi si cheti."

Basi ikaitwa mashine.

Wiki moja kabla, Mbonimpa alikuwa amepelekwa hospitali, mkono wake ukalazwa juu ya bamba, akaambiwa asitikisike. Picha ya eksirei ikatoka. Sasa daktari aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, na watu wote wakaiona mifupa ya mkono ule ule uliomwua Projest. Kokuhirwa alifunika macho kwa kanga.

"Mifupa ya kifundo cha mkono huungana kadiri mtu anavyokua," daktari alieleza. "Hii ya kijana, ukirudi nyuma hadi siku ya ugomvi, inaonyesha umri kati ya miaka kumi na sita na kumi na tisa."

Jaji aliandika, akasimamisha kalamu. "Upi?"

"Wowote kati ya hiyo, Mheshimiwa."

"Baba anasema kumi na sita. Cheti kinasema kumi na tisa. Mashine yako inasema wote wawili wamesema kweli?"

"Mashine haijui siku ya kuzaliwa. Inaona mifupa tu."

"Sheria inataka namba moja, daktari."

"Ningekuwa nayo ningekupa, Mheshimiwa."

Wakili wa utetezi aliona mwanya, akaruka. "Daktari, picha hii umeilinganisha na nini?"

"Na kitabu cha picha za mifupa ya watoto wa umri unaojulikana."

"Watoto wa wapi?"

"Wa huko Ulaya na Marekani. Waliokunywa maziwa kila asubuhi."

"Kwa hiyo mtoto wa Nyakasimbi, aliyekulia shida, kitabu hicho hakimfai?"

"Hakimfai sawasawa. Mtoto aliyepata njaa, mifupa yake huchelewa."

Wakili wa utetezi akakaa, ametabasamu. Maskini, angenyamaza swali moja kabla. Wakili wa serikali aliinuka taratibu.

"Huchelewa, daktari. Maana yake kijana anaweza kuwa mkubwa kuliko picha inavyomwonyesha?"

Daktari aliitazama picha. "Anaweza."

"Hata ishirini?"

"Siwezi kukataa."

Tabasamu la wakili wa utetezi likafa. Njaa ambayo Theoneste aliitaja shuleni ili kumpa mwanawe miaka ya uongo, sasa ilikuwa inamwongezea mingine.

Mchana, mahakama ilipopumzika, Theoneste alimkuta mkewe Mukandekezi ameketi barazani nje, ndizi za kuchoma ziko mapajani, hajazigusa.

"Baba Celestin," alimwita.

"Usiniite hivyo leo."

"Nikuite nani? Ndilo jina lako miaka ishirini." Alifunga zile ndizi kwenye jani. "Wakili wetu ameomba kaburi lifukuliwe. Jaji amekubali. Ijumaa wanakuja nyumbani."

"Vema. Wataona mtoto, wataamini."

"Wataona mifupa. Sisi wawili hawatuamini. Wewe ulidanganya, mimi ni mama. Anatakiwa mtu wa tatu." Akateremsha sauti. "Aliyelichimba yupo."

"Novatus alikufa."

"Hakuwa Novatus peke yake."

Theoneste alitazama mlangoni. Kashaija alikuwa anatoka, ameshika kofia yake, mkewe nyuma.

Wajua desturi ya huku. Aliyefiwa hashiki jembe la kaburi. Anakaa ndani na uchungu wake, majirani wanachimba, wanabeba, wanafukia, wanarudi kunawa mikono. Mwaka ule wa sabini nyumba zilikuwa mbalimbali, kabla watu hawajahamishiwa vijijini, na surua ilikuwa imewafungia wengi ndani. Wanaume wawili tu ndio walikuja. Novatus alichimba. Kashaija alichimba, kisha akambeba Celestin mikononi kutoka kitandani mpaka shimoni, amefungwa kwenye mkeka.

"Nimwendee nimwambie nini?" Theoneste alisema. "Ulinizikia wangu, mimi nikakuulia wako, sasa njoo uniokolee aliyemwua?"

"Ndiyo. Mwambie hivyo hivyo."

"Siwezi, Mukandekezi."

"Uongo uliuweza." Akasimama, akajipangusa kanga. "Wakimnyonga mtoto wangu bila ubatizo, Theoneste, mimi sitakulilia wala sitakulaani. Nitarudi kwetu nikakae na wafu wangu."

Hakumwendea. Siku tatu nzima alipita njia ya nyuma ili asikutane na Kashaija kisimani.

Ijumaa walikuja. Jaji, mawakili, daktari, askari, wafungwa wawili wenye majembe, na Mbonimpa katikati yao. Kijiji kizima kilisimama kati ya migomba, na mtu hakukohoa. Mukandekezi alitaka kumgusa mwanawe, askari akageuka upande mwingine kwa muda mfupi, naye mama akamgusa shavu.

"Ni wapi?" jaji aliuliza.

Theoneste alikwenda moja kwa moja mpaka penye mawe matatu. Mahali hapo hakuwahi kupanda kitu. "Hapa."

Wafungwa walichimba. Udongo ulikuwa mwepesi, kazi haikuchukua muda. Mmoja akasema "polepole," akaweka jembe, akaendelea kwa mikono. Kikatoka kipande cha mkeka. Halafu mifupa, midogo, ya rangi ya majani makavu ya mgomba.

Mukandekezi alikaa chini palepale. "Celestin," alisema. "Celestin wangu." Mara ya kwanza katika miaka kumi na sita kumwita mwenye jina lake.

Daktari alipiga magoti, akapima kwa kamba, akaangalia meno. "Mtoto wa miaka mitatu na nusu, minne."

Wakili wa utetezi alifumba macho kama mtu anayeshukuru. Mbonimpa naye alikuwa anainamia shimo kadiri pingu zilivyomruhusu, anamwangalia kaka yake.

"Mheshimiwa," wakili wa serikali alisema kwa ile sauti yake, "mimi nakubali. Mtoto alikufa. Baba hakudanganya hapo. Naomba kuuliza jambo dogo tu. Daktari, mtoto huyu alizikwa mwaka wa sabini, au wa sabini na tatu?"

"Siwezi kujua. Tofauti ya miaka mitatu, baada ya muda wote huu, haionekani."

"Asante. Mheshimiwa, familia hii ilikuwa na watoto wawili. Mkubwa wa mwaka sitini na sita, mdogo wa sitini na tisa. Mmoja alikufa ana miaka minne. Kama ni mkubwa, alikufa sabini. Kama ni mdogo, alikufa sabini na tatu, na huyu mwenye pingu ni Celestin mwenyewe, mwenye cheti chake halali, mwenye miaka kumi na tisa siku ile. Mifupa hii inasema miaka minne. Haisemi jina."

Migomba ilitikisika kwa upepo, halafu ikatulia. Theoneste alikuwa amemfukua mtoto wake bure.

Jaji alimgeukia. "Mzee, huyu aliye hai ana karatasi yoyote yake mwenyewe?"

"Hana, Mheshimiwa."

"Siku ya maziko, ukiacha wewe na mkeo, nani alikuwapo?"

"Novatus. Amekwisha kufa."

"Nani mwingine?"

Theoneste alimtazama mkewe pale chini, naye hakumtazama. Alimtazama mwanawe. Mbonimpa alikuwa na uso wa mtoto aliyenyoosha mkono juu ya kichwa na haufiki.

Kisha akatembea. Alipita kando ya shimo, akawapita askari, mpaka penye mpaka wa kahawa alipokuwa amesimama Kashaija na Kokuhirwa. Akapiga magoti.

"Kashaija, waitu," alimwita kwa heshima ya huku, kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Mwambie jaji. Ulimbeba wewe."

Watu wakaguna. Kokuhirwa aligeuza uso. Kashaija aliizungusha kofia mikononi.

"Ni kweli?" jaji aliuliza. "Mzee, wewe ulimzika mtoto huyu?"

"Nilimzika."

"Unamjua alikuwa yupi?"

"Namjua. Nilimshika mikononi, uso wake ulikuwa wazi. Siwezi kumsahau."

"Basi tuambie."

Kashaija alimtazama Theoneste aliyekuwa amepiga magoti. "Inuka," alimwambia. "Sipendi kuulizana na mtu aliye chini."

Theoneste akainuka.

"Tangu kesi ianze nimekaa benchi la mbele," Kashaija alisema. "Nimesikia miaka ya mwanao ikitafutwa kwenye cheti. Ikatafutwa kwenye mkono. Ikatafutwa kwa mashine, na leo kaburini. Mtu msomi ametoka Bukoba kuja kuitafuta. Sikukasirika. Ni mtoto, anastahili kutafutiwa miaka yake." Akavaa kofia, akaivua tena. "Lakini tumelima mpaka mmoja miaka kumi na saba, mimi na wewe. Projest wangu amekula kwako, amelala kwako. Siku mwanao alipompiga, Projest alikuwa na miaka mingapi?"

"Mzee Kashaija," jaji alianza.

"Nakuheshimu, Mheshimiwa. Anijibu yeye, nami nitakujibu wewe."

Theoneste alifungua kinywa. Alimkumbuka Projest akitambaa kwenye kahawa, akamkumbuka na meno ya mbele yametoka, na siku alipokuja na mbuzi aliyepotea akakataa hata kupewa maji. Alitafuta mwaka wa kuzaliwa, mavuno yapi, mvua ipi. Kokuhirwa alikuwa amegeuka sasa, anamtazama mdomoni, anangoja.

Hakujua.